Sura ya Nne ya Marehemu Subiri, Mpiga Gitaa

Ndugu, majirani, wanamuziki wenzake na wageni wetu kutoka chuoni, poleni kwa safari na poleni kwa jua. Wasifu huu nimeuandika mimi mama mzazi wa marehemu, kwa mkono wangu, na binti yangu ameupiga chapa. Kulikuwa na wasifu mwingine ulioandaliwa na chuo. Huo hautasomwa, na sababu mtaisikia nikifika mbele.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1989, saa kumi na mbili asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wetu wawili. Baba yake ni fundi rangi na mimi ni mshonaji wa sare za shule. Alizaliwa na kilo tatu na robo, akilia kwa sauti nene mpaka mkunga akaniuliza, "Mama, umetuletea mtoto au honi ya lori?" Nilimhesabu vidole kabla sijamtazama uso. Vilikuwa kumi, vyote vizima. Naomba mlikumbuke hilo.

Tuliishi chumba na sebule, mlango wetu ukitazama barabara. Ulikuwa mlango wa chuma, mzito, na ulikuwa unabana kwenye bawaba, kwa hiyo kuufunga kulitaka bega. Cherehani yangu ilikaa karibu nao ili nipate mwanga. Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa hofu. Pikipiki ikipiga breki nje, mimi nilikuwa nimeshaacha nguo kwenye sindano na kukimbilia dirishani. Alasiri ya tarehe 9 Septemba 1996, marehemu akiwa na miaka saba, kulizuka rabsha mtaani. Watu walikuwa wanamkimbiza mtu na mawe yalikuwa yanaruka. Nilimvuta mwanangu ndani nikausukuma mlango kwa nguvu zangu zote. Sikutazama mkono wake wa kushoto ulikuwa wapi. Ulikuwa kwenye bawaba.

Kidole kidogo kilivunjika mara mbili. Kilifungwa kijiti, kikapona kikiwa kimepinda kama ndoano, na hakikunyooka tena. Baba yake aliporudi kazini na kuuliza kulikoni, mtoto alinitazama mimi kwanza, halafu akamgeukia baba yake, akasema, "Nilianguka." Mimi nikanyamaza. Tangu siku hiyo, kwa miaka ishirini na tano, kila aliyeuliza aliambiwa alianguka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, na sekondari kuanzia 2003 hadi 2006. Hesabu zilimshinda, na mimi sikuwa na la kumsaidia kwa sababu darasa langu la mwisho ni la saba. Kilichomshika ni gitaa la mwalimu wa kuimba, gitaa lenye nyuzi tano badala ya sita. Alikuwa na miaka kumi na moja. Siku ya kwanza alimwambia mwalimu, "Kidole hiki hakifiki."

Mwalimu akamjibu, "Basi mtume jirani yake."

Akamtuma jirani yake. Lakini jirani alikuwa na kazi yake tayari. Ile noti ya juu ambayo wenzake waliigusa kwa kidole kidogo bila kuhamisha mkono, yeye ilimbidi auinue mkono mzima, ausogeze, ndipo aiguse. Kwa hiyo noti ilifika imechelewa. Ilichelewa kidogo sana, kama mtu aliyejikwaa hadharani akajifanya alikuwa anaangalia viatu vyake. Alipofika miaka kumi na tano, kule kujikwaa kulikuwa kumegeuka mwendo wake.

Mwaka 2008 aliingia bendi iliyokuwa ikipiga kwenye arusi na hoteli. Kiongozi wa bendi alimlalamikia wiki nzima: "Wewe bwana, noti yako tunaisubiri kama tunasubiri maji ya bomba!" Hapo ndipo alipopata jina la Subiri, nami nikawa Mama Subiri mpaka sokoni. Wiki ya pili malalamiko yalikwisha, maana wacheza dansi waliupenda mwendo huo. Akina mama waliinua bega noti ilipochelewa, na noti ilipofika wakalishusha. Nililiona kwa macho yangu nikiwa nimesimama karibu na mlango, kwa sababu sikupenda mwanangu afanye kazi mahali palipojaa watu bila mimi kujua pa kutokea pako wapi.

Mwaka 2013 alijiunga na chuo, idara ya muziki. Alipata shahada ya kwanza mwaka 2016, ya uzamili mwaka 2018, na mwezi wa tisa mwaka huo akaanza ile kubwa, ya uzamivu. Kwa sisi tusiosoma sana, nitaieleza kama alivyonieleza. Ni utafiti unaofanywa na wanamuziki wenyewe. Mtu anapiga, hasa muziki wa kubuni papo hapo, kisha anakaa na kujisikiliza kwenye rekodi na kuandika kwa nini alipita hapa na hakupita pale. Wanakuja pia wapigaji kutoka nchi nyingine, hawa wanajifunza kwa wale na wale kwa hawa, na hayo nayo yanaandikwa. Nilimuuliza, "Yaani mnapiga, halafu mnakaa kuulizana kwa nini mmepiga?" Akasema, "Ndiyo hivyo, mama." Nikamwambia hiyo ni kazi ya watu wasio na nguo za kufua.

Alikuwa na daftari lenye jalada la kijani lililojaa kwa-nini. Alikuja nalo hadi kwenye cherehani yangu.

"Mama, kwa nini umekata uzi hapo?"

"Kwa sababu mshono umekwisha."

"Na hapo kiunoni, mbona hukufuata alama ya chaki?"

"Mtoto wa watu amenenepa tangu nimpime. Nimuache apasuke mbele ya wenzake?"

Alicheka akaandika. Akasema huo ndio utafiti wake hasa, kwamba mtu anabuni pale kitambaa kinapokataa kufuata chaki. Ninawaambia haya ili mjue alikuwa mtu wa namna gani. Hakuwa na majivuno ya chuo. Majivuno aliyakuta huko.

Mwaka 2019 walikuja wapigaji watatu kutoka ng'ambo. Mmoja ni mama mpiga saksafoni, na yuko nasi hapa. Walisikia ile noti inayochelewa wakaipenda. Wakaipima kwa mashine inachelewa sehemu ya ngapi ya sekunde. Huyu dada wa saksafoni alikaa miezi miwili akijifunza kuchelewa. Mheshimiwa Msimamizi wa utafiti wa marehemu, ambaye amekaa kiti cha mbele na ambaye namuomba asiondoke, aliipa jina. Aliiita Kusita. Aliandika makala kwamba Kusita ni urithi wa wazee wetu, ni namna jamii yetu inavyouelewa wakati. Makala hiyo ilimpeleka kwenye mikutano mitatu. Kila mwanafunzi aliyeingia idara ile alifundishwa Kusita.

Mwezi wa tatu mwaka 2021 marehemu alikwenda kufundisha kipindi. Alirudi nyumbani saa tisa alasiri, akakaa kwenye kigoda changu cha kupimia wateja, gitaa bado liko mgongoni.

"Mama, leo nimeona watu kumi na watano wanachechemea, na miguu yao ni mizima."

Sikumwelewa. Akaunyoosha mkono wa kushoto mbele yangu. "Nimewatazama vidole. Vyote vizima. Wanauinua mkono kama mimi. Mmoja ameniuliza wazee wetu walianza lini kuuinua."

"Ukamjibuje?"

"Nimesema nitamjibu wiki ijayo." Kisha akaniuliza lile ambalo nililiogopa miaka yote. "Mama, unaniruhusu niuandike mlango?"

Nilikataa. Sitawadanganya mbele ya jeneza lake. Nilikataa mwezi wa tatu, nikakataa mwezi wa nne, na mwezi wa tano nilimwambia akitaka kunidhalilisha angoje nife. Hakunijibu vibaya. Aliendelea kuja na daftari lake na kuniuliza habari za chaki. Mwezi wa sita, nilipokuwa nakunja sare, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Uandike. Lakini andika pia kwamba nje kulikuwa na mawe." Akasema, "Mawe ndiyo mwanzo wa sura, mama."

Hiyo ndiyo sura ya nne ya tasnifu yake, kitabu cha ile shahada kubwa.

Kuhusu ndoa, marehemu hakuoa wala hakuacha mtoto. Alimchumbia mwalimu wa chekechea kwa miaka miwili. Uchumba ulivunjika siku binti huyo alipokuwa anamfokea kwa haki yake, naye akatoa daftari aandike namna sauti yake ilivyopanda. Aliolewa kwingine, na leo amekuja na mumewe. Asante, binti yangu. Ulikuwa umekosewa kweli.

Aliugua kuanzia mwezi wa pili mwaka 2022. Zilikuwa figo. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na mrija uliwekwa mkono wa kushoto. Mkono ule ule. Baada ya kila siku ya mashine hakuweza kushika gitaa mpaka kesho yake. Huko wodini alimsomea baba yake sura ya nne, maana hakutaka aisikie kwa watu. Mimi nilijificha koridoni. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mlango ule niliupaka rangi wiki ile ile. Mnafikiri niliiona ile damu kwenye bawaba nikadhani ni kutu?" Miaka ishirini na tano alijua, akaacha tuendelee kumdanganya. Hajaniambia kwa nini, na sijamuuliza.

Mwezi wa saba mwaka 2022 nilimsindikiza marehemu ofisini kwa Msimamizi nikimbebea mkoba. Ofisi iko ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo tulipumzika kila ngazi ya sita. Ni chumba chenye ngoma saba zimetundikwa ukutani, juu, mahali ambapo hakuna mkono unaozifikia, na vumbi lake linaonyesha hivyo. Msimamizi alimkaribisha mwanangu kiti. Mimi nilisimama mpaka mwanangu alipoinuka kunipisha, ndipo kiti cha pili kikapatikana.

Msimamizi alisema, "Kijana, kazi yako ni nzuri sana. Hii ya nne tu. Mambo ya mlango ni ya nyumbani. Tasnifu ni ya elimu."

"Lakini Profesa, si utafiti wa kujieleza kwa nini? Hii ndiyo sababu yenyewe."

"Sababu ipo tayari. Nimeshaichapisha."

Hayo ni maneno yake. Niliyaandika siku hiyo hiyo nyuma ya risiti ya vifungo, kwa sababu nilijua kuna siku nitaambiwa sikusikia vizuri. Halafu akanigeukia, akauliza, "Na huyu mama?"

Mwanangu akasema, "Huyu ndiye aliyeufunga mlango."

Msimamizi alinitazama kama mtu anayetazama doa kwenye shati jeupe. Tasnifu ilirudishwa mara tatu baada ya hapo, kila mara kwa barua fupi: iondolewe sura ya nne. Marehemu hakuiondoa. Dada wa saksafoni alipoletewa sura hiyo alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Miezi miwili! Nimejifunza kuvunjika kidole miezi miwili!" Kisha akaomba aje auone mlango. Alikuja. Aliweka kiganja chake kwenye bawaba akakaa hivyo muda mrefu. Sikumpenda alipoingia. Alipotoka nilimfungia kitenge. Ndiyo maana nimesema hapo juu yuko nasi, sikusema amehudhuria.

Wako watakaosema leo mama anataka kumtwisha mtu kifo. Hapana. Figo ndizo zilizomuua mwanangu, na daktari ameandika. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye siku mbili za mashine na siku mbili za uchovu ana siku tatu za kuishi kwa wiki, na siku hizo alizimaliza akijibu barua.

Wiki yake ya mwisho, mdogo wake alimpigia gitaa pembeni ya kitanda. Naye aliuinua mkono, naye akachelewa. Marehemu alifungua macho.

"Wewe vidole vyako vina nini?"

"Havina kitu."

"Sasa mbona unachelewa?"

"Si ndivyo ulivyonifundisha, kaka?"

Alicheka mpaka muuguzi akaja. Akamwambia, "Nilikufundisha kutafuta njia. Hii ilikuwa yangu. Tafuta yako." Alifariki Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka thelathini na minne. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa kushoto.

Sasa nimefika pale nilipowaahidi. Alhamisi hii, siku tatu tangu kifo, Msimamizi alikuja nyumbani. Alivua viatu, akatoa pole, akatoa na karatasi mbili. Moja ni wasifu uliopigwa chapa tayari, unaosema marehemu alirithi Kusita kutoka kwa wazee wake. Nilimuuliza wazee gani. Wazee wa marehemu ni mimi na baba yake. Baba yake anapiga brashi, na mimi sijui kupuliza hata filimbi ya refa.

Karatasi ya pili ilitaka saini ya mzazi. Tukikubali tasnifu ipite bila sura ya nne, chuo kitamtunuku marehemu shahada yake mwezi wa kumi na moja. Tutaitwa jukwaani. Mimi nitapokea joho lake mbele ya watu.

Nililitaka joho lile. Mimi ni mshonaji. Nimeshashona sare za watoto wa watu miaka thelathini na mbili, na sijawahi kushika nguo ambayo mtoto wangu aliisomea kiasi hicho. Juzi na jana karatasi ilikuwa juu ya cherehani, na kalamu juu yake. Baba yake aliniambia, "Utakavyoamua." Binti yangu alikuwa chumbani anafanya mazoezi ya ule wimbo wa leo, na alikuwa anakosea, kwa sababu alikuwa anautafutia njia yake.

Nilimsikiliza akikosea mpaka chai ikapoa. Halafu nikafikiria hivi: mtoto wa miaka saba alidanganya kwa ajili yangu. Akakua, akakaa miaka mitano akitafuta namna ya kuacha kudanganya bila kuniumiza, akaipata. Sasa mimi nichukue kalamu nimrudishe mlangoni, aseme tena alianguka?

Bwana Msimamizi, karatasi yako hii hapa. Haina saini. Nimeikunja vizuri, hakuna doa. Tasnifu ya mwanangu ibaki na sura zake zote au ibaki nyumbani. Na ili usiseme sura ya nne haijawahi kusikilizwa na watu, naisoma mwanzo wake, kama alivyoiandika:

"Nje kulikuwa na mawe. Mama yangu aliufunga mlango ili nisiumie, na nikaumia. Noti yangu inachelewa kwa sababu kidole changu kilikaa kwenye njia ya mlango huo. Wanaoniuliza mtindo wangu ulitoka kwa nani, nawajibu: ulitoka kwa mtu aliyenipenda akiwa ameshikwa na hofu. Sijui kama hilo ni urithi. Najua kwamba halifundishiki."

Basi. Imesomwa mbele ya watu mia mbili, na hakuna aliyekufa kwa kuisikia.

Nyinyi wanafunzi wake mliokuja na magitaa, nina ombi moja. Mtakapompigia pale kaburini, pigeni bila kusita. Yeye alikuwa na sababu. Nyinyi hamna. Mdogo wake ataanza, na akikosea mwacheni akosee.

Marehemu ameacha baba mzazi, fundi rangi. Mama mzazi, mshonaji. Mdogo wake mmoja wa kike. Shangazi wawili na mjomba mmoja. Wanamuziki wenzake wa bendi. Na mwanamke mmoja wa ng'ambo anayejua mlango wetu ulipo.

Lala, mwanangu. Sasa hivi wote wanajua hukuanguka. Upumzike kwa amani, mkono umeutuliza, hakuna wa kukuuliza kwa nini.